Mama Alipoomba Mbele ya Mashemeji

Turubai lililonyeshewa mvua, likaanza kukauka juani, lina harufu yake. Ni plastiki, ni vumbi, ni moshi wa kuni mbichi, vyote pamoja. Juzi hapa Buhare jirani yetu amefiwa, nimekwenda kusaidia kumenya viazi, harufu ile ikanipiga puani hadi nikaacha kisu. Mwenzangu akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mama. "Si yuko hai lakini?" Yuko hai jamani, na maneno anayo siku hizi. Ninayemkumbuka mimi ni yule wa zamani, ambaye hakuwa na neno hata moja.

Nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa upande wa Bunda, kwenye mji wa babu mzaa baba, tukilima pamba na kufuga. Pamba ikishauzwa baba alikuwa anaendaga Buhemba kutafuta dhahabu, na huko ndiko duara lilikomwangukia. Duara ndilo shimo la wachimbaji wadogo. Nilikuwa nacheza rede na wenzangu nikaona gari linaingia uani, nikalikimbilia nikidhani baba amekuja na zawadi. Alikuwa amekuja, ndiyo, amefungwa kwenye blanketi. Nilisimama pale na mpira wa soksi mkononi, sikulia, nilikuwa tu sielewi kwa nini hashuki.

Sasa mama. Kwao ni Murangi, ziwani, na shangazi zangu walimwita "mla dagaa" kana kwamba wao hawali. Alikuwa na aibu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kanisani akiambiwa aombe, anasimama, anasema, "Bwana asante, amina," anakaa. Akina mama walikuwa wanamtaniaga: ukitaka kuwahi nyumbani, mpe Mama Nyangeta afunge kwa sala.

Na mbele ya babu ndiyo usiseme. Kwetu mkamwana hasemezani na baba mkwe, hamwangalii usoni, hata njiani wakikutana yeye ndiye anayeingia majanini. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. "Nyangeta, mwambie mama yako nina kiu," babu anasema, na mama yupo pale pale anasikia. Nageuka: "Mama, babu ana kiu." "Mwambie yanakuja." Nageuka tena: "Babu, yanakuja." Wee, nilijiona kiongozi mkubwa serikalini!

Basi ikafika siku ya kuanua matanga. Desturi ya ukoo wa baba ilikuwa hivi: mjane anapewa fimbo ya marehemu, mbele ya watu wote, naye anamkabidhi mmoja wa mashemeji zake. Huyo aliyepewa ndiye anayemrithi. Anaingia nyumbani kama mume, na watoto wanamwita baba. Mimi nilikuwa sijui lolote. Aliyeniambia ni shangazi, asubuhi ile akininyoa nywele za msiba.

"Na wewe usilielie," alisema wembe ukiwa kichwani kwangu. "Mama yako akimkataa shemeji yake, njia ya Murangi anaijua. Ataondoka na nguo zake. Ninyi ni watoto wa ukoo, hamwendi popote."

Alidhani ananifariji, maskini! Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Wembe ukipita, nikajiuliza atanyonya wapi. Baba amekwenda, na sasa mama naye anaweza kwenda, kwa sababu ya fimbo ya kuchungia ng'ombe!

Kila mtu alijua fimbo itakwenda kwa baba mkubwa Magesa. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akituletea miwa, na alikuwa na wake wawili tayari. Siku hiyo alivaa koti lake la harusi, jua lote lile, akawa anajifuta jasho kwenye mstari wa mashemeji.

Babu akaniita. Akasema watu wote wasikie, "Nyangeta, mwambie mama yako wakati umefika."

Nikageuka, nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Mama hakungoja. Aliinuka kutoka kwenye mkeka chini ya turubai lililonyeshewa usiku, kichwa kipara kama mimi, fimbo mkononi, na kanga ilikuwa inatikisika kwa jinsi miguu ilivyokuwa ikitetemeka. Akaenda mpaka mbele ya baba mkubwa. Akasimama. Halafu akasema, "Tuombe."

Likishasemwa neno hilo, kwetu hakuna ubishi. Hata wazee wa mizimu, babu akiwa wa kwanza, walivua kofia na kuinamisha vichwa. Ni adabu tu. Mtu akiongea na Mungu hakatizwi.

Mimi sikufumba macho. Nilimwona amefumba ya kwake kwa nguvu, machozi yanapita hivyo hivyo. "Bwana asante," alisema. Nikajua imeisha, sasa atasema amina.

Hakusema. "Bwana, mbariki shemeji yangu Magesa, ni mtu mwema. Wabariki na wake zake, nawe unaona kwamba wanamtosha." Kuna mtu nyuma alicheka akajifanya anakohoa. "Lakini mimi siwezi, Bwana. Nilikuapia kanisani kuwa na mwanamume mmoja, na huyo umemchukua. Mwambie mkwe wangu, maana mimi siruhusiwi kumsemesha. Mwambie nitalima mwenyewe. Nitawalea wajukuu wake hapa hapa kwenye mji wake, na jina la mwanawe halitapotea. Asinitenge na watoto wangu, Bwana. Mwambie."

"Amina!" shangazi akapiga kelele ili imalizike.

"Bado, Bwana," mama akasema, sauti imepanda, "sijamaliza. Wakinifukuza leo, kesho nitarudi. Nitakaa pale njiani mpaka mtoto anyonye. Nipe nguvu ya kukaa. Amina."

Nawaambieni ukweli, nilijikojolea. Nilikuwa nimemwona mama yangu akimkatalia babu mbele ya ukoo mzima, na hakuna kiboko kilichokuwa kimeinuliwa bado. Baba mkubwa alikuwa amefumbua macho na mdomo pia.

Babu alikuwa ameshika kofia, anaizungusha polepole kwa vidole. Mwishowe akasema, "Nyangeta."

"Naam, babu."

"Mwambie mama yako, huyo aliyekuwa akiongea naye mimi simjui. Lakini nimesikia. Airudishe fimbo ndani, akamnyonyeshe mtoto."

Baba mkubwa alifungua vifungo vya koti lile, akashusha pumzi ambayo hata mimi niliisikia.

Msije mkadhani tulibebwa juu juu. Mashemeji wengine walichukua maksai na plau, wakasema asiyetaka mume hataki na ng'ombe wake. Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono mpaka viganja vikachubuka, na akina mama wa kanisani wakaja kutupandia pamba. Shangazi alikaa miaka bila kumsalimia mama. Lakini usiku tulilala wote chumba kimoja, naye akiwa katikati.

Nilikua nikiisimulia sala ile kila mahali. Kwenye ushirika wa vijana huko Butiama nilikosomea, nilisema mama yangu ni jasiri, alikwenda pale ameshaamua, na kwa akili nyingi akawakamata wazee kwa adabu yao wenyewe. Watu walipiga makofi. Mwaka jana ndipo nilipomuuliza mwenyewe, akiwa anachambua mchele kwangu, ile sala aliipanga siku ngapi.

Alinitazama kama niliyemtukana.

"Kupanga? Nyangeta, mimi nilikuwa nimeshakubali. Ningeanzia wapi kuwaacha ninyi? Nilisimama kuomba nguvu ya kumpa Magesa ile fimbo."

Yaani tulikuwa karibu hivyo kurithiwa, na miaka yote hiyo mimi nasimulia habari za simba! Mwanamke niliyemwona pale alikuwa ameshashindwa, amebakiwa na kuomba tu.

"Sasa yale maneno, mama?"

Akapuliza makapi. "Nilifungua mdomo nikayasikia. Nilishtuka kuliko ninyi."