Mstari wa Mama Tuyizere

Watu wa Kashebere, kijiji cha kando ya barabara ya malori, si wepesi wa kukubaliana, lakini kuna jambo moja hawabishani: ukitaka kujua nyumba ipi ina mgonjwa, usiende kumuuliza mganga, muulize Mukabaranga. Wengi humwita Mama Tuyizere, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ni muuza mashanza, yale maziwa ya kuganda yanayoshuka na malori kutoka milimani. Kila asubuhi hupita mlango kwa mlango na bidoni yake, lile dumu la maziwa, na mlango usiofunguka husimama mbele yake mpaka ufunguke. Mama wa nyumba akitoka na kikombe huku macho yamemwingia ndani, Mukabaranga atauliza kulikoni. Asipotoka kabisa, Mukabaranga ataingia. Wapo wanaosema ana kiherehere, na kusema kweli hawamsingizii. Kiherehere hicho hicho ndicho kilichofanya achaguliwe kuwa relé, yaani yule mwanakijiji anayefundisha wenzake mambo ya afya na kukimbiza habari za magonjwa kituoni. Kazi yenyewe haina mshahara, ina lawama tu.

Alizaliwa Karuba, huko juu kwenye ng'ombe na baridi, akaolewa Kashebere kwenye joto na vumbi la malori. Mpaka leo husema mume wake alimdanganya kuhusu hali ya hewa. Mume ni mkulima wa maharage na mihogo, mtu mpole, naye akisikia hivyo hucheka tu na kusogeza kiti chake kivulini.

Kama relé, Mukabaranga ana somo moja analolipenda kuliko yote, nalo ni mikono. Maji, sabuni, na kuhesabu moja mpaka thelathini kabla ya kusuuza. Kabla ya kula, baada ya kula, kabla ya mkutano, baada ya choo. Amelirudia somo hilo kanisani, sokoni, kwenye matanga, hata kwenye harusi ya mpwa wa mume wake, ambako bwana harusi alizuiwa asiguse keki mpaka ahesabu. Aliyeonja ukali wake zaidi ni Papa Mbonigaba, mfanyabiashara wa mbuzi. Siku moja Mukabaranga alimkamata mbele ya wanakwaya wote akifuta mikono kwenye suruali, akamsomea somo lake mpaka kwaya ikasahau wimbo. Tangu siku hiyo Papa Mbonigaba hunawa mpaka viwikoni, na huhesabu kwa sauti, ili kusiwe na maneno.

Watu hucheka, naye huwaacha wacheke. Ila kuna jambo moja halimchekeshi hata kidogo, na jambo hilo ni ufunguo.

Mdogo wake, Igiraneza, alikuwa mchimbaji wa madini kule Rubaya. Kipindupindu kilipoingia kwenye vibanda vya wachimbaji, kilimshika asubuhi. Wenzake walimbeba mpaka kwenye kituo kidogo kilichokuwa karibu, na dawa ilikuwepo: chupa za serumu, yale maji ya kutundikiwa mgonjwa, makasha kwa makasha, ndani ya stoo yenye kufuli zuri jipya. Ufunguo ulikuwa mmoja. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kwenye harusi, mlima wa pili. Walimtuma mtu mbio, naye alirudi na ufunguo jioni. Igiraneza alikuwa ameshakata roho saa tisa. Mukabaranga alifika kesho yake, akaonyeshwa yale makasha, akayagusa kwa mkono. Huwa hasimulii zaidi ya hapo. Akifika kwenye makasha huanza kukunja kitambaa chake.

Basi ilipotangazwa kwamba vijiji vya barabara ile, vya upande wa Masisi na vya upande wa Walikale, vitaunda kamati moja ya kujitayarisha kwa dharura za afya, na kwamba kamati itakuwa na mkuu, Mukabaranga alijiandikisha siku ileile. Mkuu angepewa gileti ya njano, kile kizibao cha viongozi, na redio ya mkononi. Hivyo havikumsisimua. Kilichomfanya aache bidoni yake katikati ya njia na kwenda kuandika jina ni mstari mmoja tu kwenye tangazo: mkuu wa kamati ndiye atakayepanga namna ya kutunza akiba ya dawa.

Mgombea wa pili alikuwa Papa Raphaël, mkurugenzi mstaafu wa shule, mtu wa heshima, mwenye shati lililopigwa pasi na Kifaransa cha kupendeza. Si mtu mbaya. Nusu ya watu wa barabara ile aliwafundisha kusoma, na nusu nyingine aliwachapa fimbo, kwa hiyo wote walikuwa wakimwogopa kidogo na kumpenda kidogo.

Siku ya uchaguzi wajumbe sitini na tisa walikusanyika kwenye uwanja wa shule ya Kashebere, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu. Daktari Élysée, kijana aliyetumwa kutoka mjini kuusimamia uchaguzi, alieleza utaratibu ambao kila mtu alikuwa akiujua tangu utotoni: hakuna karatasi, hakuna siri. Wagombea wanasimama mbele, filimbi inalia, kila mjumbe anakwenda kujipanga nyuma ya anayemtaka. Filimbi ya pili ikilia, mistari inahesabiwa, na aliye nje ya mstari hana kura.

Kwanza wagombea walisema. Papa Raphaël alianza kwa Kifaransa, akamalizia kwa Kiswahili.

“Dawa ya watu inaomba discipline. Kwangu itakuwa stoo moya, ufunguo moya, responsable moya. Kama kitu kimepotea, mutajua ni nani wa kuuliza. Ni miye!”

Walimpigia makofi, maana kwa kweli yalikuwa maneno mazuri. Mukabaranga akasimama. Alikuwa ametayarisha hotuba wiki nzima mbele ya ng'ombe wa jirani, ikampotea yote.

“Miye nataka funguo tatu,” akasema. “Kwa watu tatu, kwa nyumba tatu. Moya akienda harusi, wawili wanabakia. Njo hivyo tu.”

Akaketi. Makofi yake yalikuwa machache, lakini wanawake waliokuwa nyuma walitazamana na kuitikia kwa vichwa polepole.

Kisha kikaja chakula, fufu na maharage, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu walikula kwa mikono, walikula wakashiba, na wakati huo wingu jeusi likaanza kushuka kutoka upande wa msitu. Daktari Élysée alilitazama wingu, akaitazama gari yake. Barabara ya kutoka Kashebere ikilowa, gari inaweza kukaa kwenye tope siku mbili, naye kesho yake alitakiwa kwenye mkutano mwingine. Bila kungoja sahani ziondolewe, akapiga filimbi.

Watu wa Papa Raphaël walifuta mikono kwenye majani, wengine kwenye suruali, wakakimbia kujipanga. Na watu wa Mukabaranga? Hao walikuwa wamefundishwa. Karibu na mlango wa shule kulikuwa na ndoo moja yenye robineti, yaani koki ya maji, na kipande cha sabuni, na wao, kama wafanyavyo siku zote baada ya kula, walikuwa wamejipanga pale kwanza. Mmoja baada ya mwingine, bila kusukumana, kila mmoja moja mpaka thelathini.

Mukabaranga alisimama mbele, mstari wake ukikua nyuma yake kidogo kidogo kama maji ya robineti yenyewe. Aligeuka, akauangalia mstari wa mwenzake. Ulikuwa umeshakamilika, umenyooka kama wa wanafunzi. Akaiangalia ndoo. Palikuwa bado na watu zaidi ya kumi, na aliyekuwa robinetini wakati huo, akisugua viwiko vyote viwili, alikuwa Papa Mbonigaba.

Rafiki yake Fifi, muuza ndizi, aliyekuwa wa kwanza nyuma yake, alimvuta kitenge.

“Mama Tuyizere, uwaite! Sema tu neno moya, ‘mukuye’, utaona vile watakimbia!”

“Wanamaliza sasa hivi.”

“Hawamalizi! Ule Daktari iko na filimbi mu kinywa!”

Ni kweli, filimbi ilikuwa mdomoni. Na neno lilikuwa mdomoni mwa Mukabaranga pia. Mukuye, njooni. Ni nani angemlaumu? Siku moja tu, mara moja tu, maharage tu mikononi. Alikitaka kile cheo kwa nguvu zote, akaona haya jinsi alivyokitaka. Aliziona funguo tatu, aliwaona hata watu watatu ambao angewapa. Akapiga hatua, akafungua kinywa, na Papa Mbonigaba akamwona na kudhani anaharakishwa.

“Mama, miye niko ku kumi na kenda!” akapaaza sauti kwa hofu ya kweli. “Siibi hesabu! Ungoyee nimalize!”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mukabaranga hakucheka. Miaka mitatu alikuwa amewafundisha watu hawa kwamba hakuna haraka inayozidi mikono, wala mvua, wala bwana harusi, wala mkubwa wa serikali. Leo awaambie kwamba ipo moja, nayo ni ya kumpa yeye cheo? Angeweza. Lakini kesho angerudi kwenye milango yao na bidoni, na angewaambia nini?

“Maliza, Papa,” akasema. Akaigeukia ndoo, akapaza sauti. “Mumalize wote.”

Filimbi ikalia.

Daktari alihesabu kwa kidole, mara mbili. Papa Raphaël, thelathini na mmoja. Mukabaranga, ishirini na saba. Kwenye ndoo walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na hesabu hiyo hakuna aliyeshindwa kuifanya. Walifika mbio wakidondosha maji, wakakuta mambo yamekwisha. Fifi alimfokea Daktari mpaka kilemba kikamlegea. Papa Mbonigaba alisimama na mikono yake safi imeinuliwa juu, akilia machozi bila kuona aibu, akisema ni yeye, ni yeye ameuharibu uchaguzi. Daktari aliona haya, lakini alisema utaratibu ni utaratibu, akaandika jina la Papa Raphaël kwenye fomu yake.

Mukabaranga alikuwa na hasira. Asije mtu akawaambia kwamba alipokea kwa moyo mweupe. Alimkasirikia Daktari, akalikasirikia wingu, akavikasirikia viwiko vya Papa Mbonigaba, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe kwa kufundisha vizuri mno.

Ndipo Papa Raphaël, ndani ya gileti mpya ya njano, alipokuja kwake mbele ya watu wote, akanyoosha mkono.

“Mama Tuyizere, usikasirike. Uchaguzi njo hivyo. Tushikane mukono, tutumike kazi pamoya.”

Yalikuwa maneno ya uungwana. Mukabaranga akautazama ule mkono. Ganda la haragwe lilikuwa limenata kwenye kidole gumba.

“Papa, nitakushika mukono,” akasema. “Lakini unawe kwanza.”

Kicheko kilichotoka pale, hata ng'ombe wa jirani walikisikia. Papa Raphaël alitazama kidole chake, akawa mwekundu kadiri alivyoweza, kisha naye akacheka, maana si mtu mbaya. Akaenda kwenye ndoo. Na kwa kuwa mkuu alikwenda, watu wake thelathini na mmoja wakaona aibu kubaki, wakajipanga nyuma yake, na nyuma kabisa, akilitazama wingu na kuitazama gari yake, akajipanga Daktari Élysée.

Papa Raphaël alikunja mikono ya shati, akashika sabuni, akaanza kusugua kwa bidii ya mtu anayetazamwa. Povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Alipofungua robineti asuuze, yalitoka matone mawili tu. Watu wa Mukabaranga walikuwa wameyamaliza maji.

Akabaki amesimama na mikono yake myeupe kwa povu imetangulizwa mbele, haigusi gileti, haigusi shati, haigusi kitu. Mtu akauliza, “Maji imeisha. Tufanye namna gani?” Wala hakumuuliza mkuu mpya. Watu wote, wa mstari huu na wa mstari ule, na Daktari pamoja nao, walikuwa wamegeuza nyuso kwa Mukabaranga.

“Maji iko,” akasema. “Bidoni mbili. Nilizitayarisha jana.”

“Basi zilete, Mama,” akasema Papa Raphaël.

Mukabaranga hakusogea. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya mlangoni asubuhi anapouliza ni nani anayeumwa humu ndani.

“Papa Raphaël, kama ningezifungia mu stoo, ufunguo moya, na miye niende harusi? Ungesimama hapo na povu yako mupaka saa ngapi?”

Hakuna aliyecheka tena. Papa Raphaël aliitazama mikono yake. Habari za Igiraneza alizijua, kama kila mtu wa barabara ile alivyozijua, lakini kuna kujua na kuna kusimama uwanjani huku povu likikukaukia mikononi.

“Funguo tatu,” akasema.

“Daktari hajasikia.”

“Daktari, uandike!” akasema Papa Raphaël kwa ile sauti ya zamani ya darasani, hata wajumbe kadhaa wakanyoosha migongo. “Funguo tatu, watu tatu, nyumba tatu. Moya wa kwanza ni Mama Tuyizere.”

Daktari akaitandaza fomu yake juu ya goti, akaandika chini ya jina la mkuu. Mukabaranga alingoja mpaka kalamu iliponyanyuka. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akaenda nyuma ya darasa la kwanza, na huko nyuma ya darasa, ambako hakuna aliyemwona, akamlilia mdogo wake kidogo. Akajipangusa uso, akabeba bidoni ya kwanza, akamletea mkuu wa kamati maji.