Chungu cha Chanjo Nyuma ya Baiskeli

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa sindano wala dawa. Dokteri wa zahanati yetu ya Uvira aliniuliza kama najua kuendesha baiskeli, nikamjibu kwa majivuno kwamba hakuna kitu ninachokijua zaidi. Akaagiza mayai mabichi kutoka jikoni kwake, akayatia katika mfuko, akaufunga mfuko kwenye portbagaji, yaani kile chuma cha kubebea mizigo nyuma ya kiti, kisha akanituma Kalundu bandarini na kurudi. Nilirudi na ute ukichuruzika kwenye sipoki. Kesho yake alinipa mayai mengine, na kesho kutwa mengine, mpaka yakarudi mazima. Hapo ndipo aliponipa kofia ya kazi.

Cheo changu kilikuwa infirmye wa mizunguko, muuguzi anayewafuata watu vijijini badala ya kuwangoja zahanatini. Ilikuwa miaka ya hamsini, na eneo langu lilikuwa ufuko wote wa ziwa upande wa kusini, kupitia Makobola hadi Mboko. Vijana wa leo wanaopita hapa Kasenga ninakokaa sasa na pikipiki zao wanadhani safari ile ilikuwa ya miguu yenye nguvu. Miguu kila mtu alikuwa nayo. Kazi ilikuwa kuipanga safari.

Mwenzangu alikuwa Ramazani, mtoto wa wafanyabiashara Waislamu wa Uvira, aliyenitangulia kazini na kunizidi utani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuondoka jogoo wakiwika, kwa sababu ziwa hutulia asubuhi, na jua likipanda upepo wa kusini unakupiga kifuani. Alinifundisha kuacha barabara yenye mchanga mkavu na kupita ukingoni kabisa mwa maji, mahali ambapo mchanga uliolowa unakuwa mgumu. Tena alinifundisha kuhesabu mwezi. Wavuvi wetu huvua ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu, kwa taa katika giza, kwa hiyo mwezi ukiwa haupo, wanaume wanalala mchana na wanawake wako ufukoni wanaanika samaki. Ukiwaita kanisani asubuhi hiyo utachanja viti vitupu. Sisi mizunguko yetu tuliipanga mwezi ukiwa mpevu, watu wote wako nyumbani.

Dokteri naye alikuwa na somo lake moja, alilolirudia kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

“Safari inapangwa kutoka mwisho,” alisema. “Weye unataka kufika namna gani? Anzia pale, rudi nyuma mpaka mlango yako.”

Basi mwaka mmoja, mvua zikiwa zimeshaanza, habari zikafika kwamba ndui imeonekana kusini ya Mboko. Pale Mboko alikuwa ameolewa dada yangu Riziki, na mtoto wake wa kwanza alikuwa bado hajaota meno. Sitaficha, niliogopa sana. Chanjo ilishuka kutoka Bukavu na lori, ndani ya vichupa vyembamba vya kioo, barafu yake imekwisha kuwa maji. Na mwezi haukuwepo. Chanjo haiwezi kungoja mwezi, kwa hiyo tulikaa na Dokteri tukaanzia mwisho: alfajiri, ufukoni Mboko, mitumbwi ikirudi. Kama watu hawawezi kuacha samaki, tutawachanja hapo hapo kwenye samaki. Ili tuwe pale alfajiri, lazima tufike jioni ya kuamkia siku hiyo. Ili tufike jioni, lazima Makobola tuipite asubuhi bila kusimama. Watu wa Makobola wangengoja mzunguko wa mwezi mpevu.

Vichupa tulivitia katika chungu, chungu tukakivika gunia lililoloweshwa. Baiskeli ikienda, hewa inapuliza gunia na chungu kinabaki baridi. Ukisimama juani, joto linaingia na chanjo inakufa. Na chanjo iliyokufa haioneshi alama yoyote. Unamchanja mtu, anakushukuru, na ndui inamkuta vilevile.

Tulikwenda vizuri mpaka Makobola. Hapo mto ulikuwa umejaa usiku na kula barabara, na njia iliyobaki ilikuwa ufukoni, hadi kwenye mtumbwi wa kuvusha watu. Lakini ufuko wote ulikuwa umeanikwa ndagala, kutoka majanini mpaka majini. Kwetu hakuna anayekanyaga wala kuruka ndagala za watu, hata chefu, mtawala wetu wa jadi, huzunguka. Na hapakuwa na pa kuzungukia.

Mkubwa wa waanikaji alikuwa Mama Feza, mwanamke mnene aliyevaa kitenge kilichojaa magamba. Nilimwamkia kwa heshima, nikamweleza habari za ndui na za mtoto wa Riziki, nikamwomba watufungulie njia. Alitazama mawingu mlimani. Ndagala zikikusanywa mbichi zinashikana na kuoza, na hilo nililijua.

“Mwanangu,” akasema, “hiyo ndui iko inajua njia ya Mboko tu? Na bajukuu bangu?”

Ramazani alininong'oneza kwamba plani ni Mboko. Nilikuwa natazama gunia, limeanza kukauka kwenye pembe. Nilijua tukisimama tunaweza kuiua chanjo yote, na Riziki akabaki na mtoto wake bila kitu.

“Mama, chungu hiki kikisimama kinapata joto,” nikamwambia. “Kinataka upepo.”

“Upepo tu?” Akageuka kwa wenzake. “Leteni nyungo.”

Wakaja na nyungo zao za kupepetea ndagala, wakakizunguka chungu kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, wakaanza kukipepea kwa zamu huku mwingine akimwagia gunia maji ya ziwa. Wengine waliamsha waume zao na kuleta watoto. Mimi na Ramazani tulichanja mpaka kijiji kikaisha, na nilipoingiza kidole chunguni nilikuta baridi. Kisha wakakusanya ndagala zao mbichi, wakatufungulia njia upana wa gurudumu, na baiskeli zetu zikavuka mto ndani ya mtumbwi.

Upepo ulikuwa umeshaamka. Tuliupanda kama mlima, Ramazani akiulaani kwa lugha zote alizozijua, na tukafika Mboko jua linazama. Chungu kililala kwenye shimo la mchanga uliolowa. Alfajiri mitumbwi iliporudi, wa kwanza mkononi mwangu alikuwa mtoto wa Riziki.

Baada ya hapo ni kungoja. Chanjo iliyo hai huinua kipele mkononi baada ya siku kadhaa. Isipoinua, ulibeba maji. Siku zile sikula vizuri. Tuliporudi kukagua, Mama Feza alitukuta njiani amembeba mjukuu, mkono wa mtoto ameuinua juu.

“Iko. Angalia,” akasema.

Nikamuuliza habari za ndagala zake.

“Zilinuka. Tulizikula hivyo hivyo.”

Nilikanyaga pedali mpaka Mboko bila kumsubiri Ramazani. Riziki alikuwa mlangoni. Akafunua nguo ya mtoto, na kipele kilikuwepo, chekundu, kimejaa. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia mbele ya shemeji yangu.

Dokteri alisikiliza ripoti yote. “Makobola haikukuwa ndani ya plani,” alisema. Nikakubali. “Basi safari ingine, iwe ndani toka mwanzo.”

Baadaye nilihamishiwa Lemera, ambako kwenye vijia vya mlimani ni baiskeli iliyonipanda mgongoni, nikafanya kazi chini ya wakubwa wengi mpaka nikastaafu. Kupanga kutoka mwisho sikuacha. Nilichoongeza ni kuuliza kwanza nani anakaa katikati ya njia.

Mtoto yule wa Riziki sasa ana mvi, na huja kunitembelea na wajukuu zake. Wakimuuliza babu huyu mzee alifanya kazi gani, anakunja mkono wa shati. Anawaonesha kovu la kile kipele.