Bibi na Toleo la Kumi na Saba

Juzi kitindamimba wangu alinipigia simu kutoka Mwanza na swali la ajabu. Kuna mfululizo wa vitabu vya katuni, habari za shujaa anayeruka angani, una matoleo mengi kupita kiasi, naye hajui aanzie wapi. Wenzake wanamwambia aanze na la kwanza. Nikamwambia asithubutu, aanzie penye jambo analolijua, mengine yatakuja. Akacheka, akaniuliza mimi na katuni wapi na wapi. Basi ndugu yangu, sogea nikusimulie.

Kijijini kwetu Gorong'a, utotoni mwangu, miaka ya vijiji vya ujamaa, tulikuwa na shujaa wetu wa katuni. Aliitwa Radi. Alivuka mpaka wa Kenya pale Sirari kwenye vikapu vya wachuuzi, pamoja na sabuni za miche, na kurasa zake zilinukia sabuni mpaka zilipochakaa. Mimi na dada yangu tuliyatunza matoleo yake ndani ya debe. Yalikuwa na mapengo. La nne, kwa mfano, lililiwa na mbuzi.

Bibi yetu alikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, na alikuwa na sababu. Baba alifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya mkonge, na kila barua yake ilisomwa na jirani, mama mwenye macho mazuri na mdomo usiotulia. Barua ikisomwa asubuhi, adhuhuri kisima kizima kinajua baba anaumwa wapi na amegombana na nani. Bibi alitaka maneno ya mwanawe yafike kwake kwanza. Lakini kitabu cha kisomo kilikuwa habari za mbolea tupu.

"Mbolea nimeibeba tangu sijaolewa," alisema, "leo ndiyo nianze kuisoma?" Akaapa kwamba Jumatatu harudi.

Niliogopa asije akaacha kweli. Nikamletea Radi, toleo la kwanza, kwa sababu nilikuwa mbishi na niliamini kila kitu kina mwanzo wake. Humo kulikuwa na nyota, mitambo na wataalamu wenye miwani. Ukurasa wa pili bibi akaniuliza, "Huyu mtu hana ukoo?" Akarudi kupukuchua mahindi yake.

Kesho yake akachomoa mwenyewe toleo la kumi na saba. Jaladani palikuwa na wezi wakivusha ng'ombe mtoni, mwekundu mwenye baka jeupe bega la kulia. Sisi Wakurya ng'ombe tunamjua kwa rangi na baka, kama unavyomjua mtu kwa sura. Radi alipita juu akirusha moto. Bibi hakuwa na habari naye, alimfuata ng'ombe kwa kidole. Picha ya tatu akapiga ukelele. Mchoraji alikuwa amesahau, baka limehamia bega la kushoto.

"Huyu siye! Wamembadilisha!"

Ili ajue kama kweli wamembadilisha, ilimbidi asome maneno. Akayasoma, silabi kwa silabi, mpaka ugali wa ulezi ukaungua na hakuna aliyethubutu kusema. Kisha akadai la kumi na sita, ajue ng'ombe ni wa nani, halafu la kumi na nane, aone kama alirudi zizini. Jumatatu alikwenda kisomoni, Radi kwapani. Mwalimu alimwona, akajifanya hakuona.

Baadaye mpaka ulifungwa, Radi hakuvuka tena. Matoleo yetu yaliliwa na mchwa, na bibi mwenyewe hayupo. Jinsi Radi alivyoishia sijui.

Lakini siku barua ya baba ilipofika nilikuwepo. Jirani alikwisha kufika, anafuta mikono tayari kwa kazi yake. Bibi akampa kigoda na uji, akaifungua barua mwenyewe, akageuka upande. Midomo yake ilitembea polepole. Tulikaa hadi uji ukapoa. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Haya mama, mwanao anasemaje?" jirani akauliza.

"Ameniandikia mimi," bibi akasema, akamwongezea uji.

Mpaka leo sijui barua ile ilisema nini, na hakuna kitu nisichokijua ninachojivunia kama hicho.