Kile Sikuona kwa Zizi la Baba

Nilifika nyumbani Bungoma nikapata kitanda cha baba kiko tupu.

Tupu kabisa! Na mzee alipigwa na stroke, hajatoka kitandani peke yake tangu Krismasi.

Moyo nusura unitoke, bana.

Mimi naitwa Phelista. Ni supavaiza kwa kampuni ya mbegu huku Kitale. Kazini wananiita Madam Sheria. Kipngetich, anayeuza kuliko wote, nilimpa onyo ati hakuripoti ofisini asubuhi. Alikuwa Saboti kwa wakulima, akiuza.

Hata baba nilimwekea sheria. Mazoezi ni kitandani. Kutoka nje, hapana. Naim, jamaa anayeishi karibu na msikiti wa town, ndiye nilimwandika amtunze.

Nikakimbia nyuma ya nyumba. Nikawapata kwa zizi. Baba ameshika mgongo wa ng'ombe, matope miguuni, anacheka. Naim yuko nyuma yake.

"Nani alikwambia umtoe nje?"

"Madam, si uangalie kwanza..."

"Niangalie nini? Chukua vitu zako uende!"

Hakubishana. Alimkalisha baba kwa kiti, akamuaga mama, akaenda.

Baba akaanza kulia. Nikadhani ni ugonjwa.

Jioni mama aliniletea chai. Hakukaa.

"Phelista, ulimwona baba yako?"

"Nilimwona. Amejaa matope."

"Alikuwa amekaa ama amesimama?"



Alikuwa amesimama! Kwa miguu yake mwenyewe. Na mimi, mtoto wake, niliona matope.

Nilileta mtu mwingine, mwenye kufuata kila kitu nilisema. Baba akageukia ukuta. Mguu ukalegea tena.

Nikamfuata Naim hadi Kimilili, nikamwomba msamaha na kumsihi arudi, mbele ya mgonjwa wake mpya.

"Nimekusamehe, madam. Lakini huyu siwezi kumwacha."

Kisha akauliza, "Mzee bado anaenda kwa ng'ombe?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Kipngetich naye nilimwomba radhi. Siku hizi simuulizi aliamkia wapi, namuuliza ameuza nini.

Na kila wikendi namshika baba kwapani, tunajaribu. Bado hajasimama.

Wewe mwenye sheria zako, kazini ama nyumbani, nisikie. Kabla ufukuze mtu kwa kuzivunja, angalia kwanza amefanikisha nini. Mimi niliangalia nikiwa nimechelewa, na aliyelipa ni baba.