Maji ya Kijani ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, lakini ukimkuta kazini utashangaa: mguu uko kwenye cherehani, jicho liko kwenye tangi la kioo. Humo alifuga kambare wa mapambo, wale wenye madoadoa na ndevu, ambao hata mkubwa wao hazidi kidole. Jike wake alikuwa amezeeka. Mwaka mzima hakutaga, kisha akataga mara moja, wakaanguliwa vifaranga arobaini na mmoja. Shangazi alijua huenda hatapata uzao mwingine.

Muuza samaki alimshauri achanganye unga wa mwani kwenye chakula, kijiko kidogo kwa kikombe kizima, ili wakue na rangi zikolee. Na kweli! Wiki ya pili ungeweza kuona matumbo yao ya kijani kwa nje. Shangazi akafurahi mpaka akapitiliza. Kijiko kimoja kikawa vitatu, na maji nayo yakageuka kijani.

"Badilisha maji, mama," mumewe alimwambia.

"Nimwage chakula? Hayo si maji, huo ni uji wao."

Vifaranga wakaanza kupanda juu, kushuka, kupanda tena. Shangazi akacheka. "Waone, wanakuja kunishukuru."

"Mimi nakula kwako miaka yote, hujaniona nikirukaruka hivyo," mumewe akasema.

"Wewe huna shukrani."

Tulicheka wote watatu, na hapo ndipo panaponiuma. Kambare hawa hupanda kuvuta hewa mara mojamoja. Wakipanda mfululizo, maji yameishiwa hewa. Unga usioliwa ulikuwa umezama mchangani ukaoza, na sisi tulikuwa tunatazama kama sinema.

Asubuhi yake nilipopita kwenda shule, wote walikuwa wamekufa. Shangazi aliwatoa kwa kichujio cha chai, mmojammoja. Matumbo bado yalikuwa ya kijani, walikufa wameshiba. Mumewe hakusema "si nilikuambia." Alimshikia ndoo tu.

"Nilitaka wasikose kitu," Shangazi alisema. "Ningewapimia kama nilivyoambiwa..."

Mama yao, aliyekuwa ametengwa kwenye tangi la pili, hajataga tena. Shangazi humbadilishia maji kila baada ya siku mbili, humpa punje chache za chakula, halafu husimama pale, nguo za watu zikimsubiri, mpaka amwone amemeza ya mwisho.