Nilipiga Chafya kwa Jina la Mama Yake

Juzi nilishuka Mogogosiek, nikasikia ile harufu ya majani ya chai yakikaushwa kiwandani, nikakaa chini kando ya barabara. Ni uzee, usinicheke.

Mimi nilizaliwa huko, kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi zinazofanana zote mpaka mlevi anaingia kwa jirani. Mama alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai. Akienda shambani na umande, aliniacha na nyanya mmoja Mkipsigis, shamba lake ng'ambo ya ua. Huyo ndiye alinifunza kusugua kibuyu kwa mkaa, mpaka mursik, yale maziwa ya mgando, yatoke na rangi ya majivu. Shule nilionja tu. Masomo yangu yalikuwa jikoni kwake, macho yakiwashwa na moshi.

Nyanya alikuwa na hadithi moja. Kwao mtoto akizaliwa anaitiwa majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya lingine, na lile analopigia chafya ndilo lake. Mimi eti aliniitia mwenyewe.

"Ulipiga chafya kwa jina la mama yangu," alikuwa akiniambia. "Sasa nikutume aje, na wewe ni mama?"

Halafu ananituma tu. Kuni, maji, ndama amekatika kamba. Nilikimbia nikiimba. Tulipoenda matanga kule ziwani, binamu zangu walinicheka, wakasema naongea kama mtu wa milimani. Sikujali. Nilikuwa na kwetu.

Sasa Krismasi moja wageni wake wakaja kutoka Sotik. Nyanya akawapanga wajukuu, akawa anawamiminia mursik mmoja mmoja na kuwabariki. Nikasimama katikati yao na kikombe changu. Ndugu yake, mzee wa koti zito na jua lote lile, akauliza huyu ni wa nani. Nikatabasamu, nikingoja alitaje lile jina.

"Huyo? Ni wa laini," nyanya akasema. "Mama yake anachuma chai."

Akanipita na kibuyu.

Kesho yake akaniita kwa jina lile lile nilete kuni. Nikaenda. Ningeenda wapi?

Siku hizi laini zimebomolewa, mashine inachuma pale mama alipokuwa akiinama. Watu wananipa pole. Lakini mimi siwezi kulilia nyumba. Changu kilipotea Krismasi ile, nyumba zote zikiwa zimesimama na moshi ukitoka.