Mama Zaituni na Tarumbeta la Baba

Harufu ya dawa ya kung'arishia shaba ikinipitia puani, narudi mara moja kwenye kambi ya polisi ya Naguru, msimu ule wa mvua baba alipopiga jazi na Mama Zaituni. Baba, Mwacholi wa bendi ya polisi, alipuliza tarumbeta. Mama Zaituni, jirani yetu Mnubi, asubuhi alikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, za kuuza, na kwenye harusi za kwao alipiga ngoma ya duluka. Jioni walikaa barazani kwetu, mvua ikitwanga mabati, wakitafuta muziki ambao hakuna aliyewahi kuupiga. Mapigo ya mama yule yalichechemea makusudi, na baba, aliyezoea gwaride, alijikwaa kila mara. "Baba Akello, wacha haraka," alimcheka, akimwita kwa jina langu. "Ngoja ngoma ipite, halafu wewe kuja nyuma yake." Siku baba alipoweza, wanawake waliokuwa wakiosha vyombo waliacha masufuria wakacheza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi kichwa kilinivimba kwa fahari.

Kisha wakaalikwa kupiga kwenye sherehe ya maafisa kule Bugolobi, nami nikaketi kando ya jukwaa. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mkubwa mmoja akasimama akipiga makofi. "Hii mudundo umetoa wapi?" Nilimwona Mama Zaituni akijiweka sawa nguo yake, tayari kutajwa. "Ni ya mimi, afande," baba akajibu. "Nilitunga peke yangu. Huyu mama ananisaidia tu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nyimbo zote zilizofuata Mama Zaituni alizipiga gwaride tupu, kushoto kulia, kushoto kulia, na tarumbeta la baba likahangaika hewani likitafuta mahali pa kukaa. Maafisa wakarudi kwenye nyama zao. Wale wawili hawakupiga tena pamoja.

Siku hizi vijana wa Kampala wakipanda jukwaani hutajana majina, hata la fundi wa spika, nami hupiga makofi nikiinamisha macho. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya baba ndefu kweli: wajukuu wake wanaamini ule mdundo ni wake. Namwonea aibu, tena namwonea aibu nikiwa nampenda. Amezeeka, kifua hakimruhusu kupuliza. Kutoka kwake hadi kwa Mama Zaituni ni pua na mdomo. Kila Idi mama huyo humletea sahani ya pilau. Baba huipokea kwa mikono miwili, hushukuru kwa chakula, kisha hufunga mlango.